Matakia ya Bwana Sabine

Mwaka 1895 Chuo Kikuu cha Harvard, katika nchi ya Marekani, kilikuwa na ukumbi mpya usiofaa kwa masomo: neno la mwalimu lilivuma humo kwa sekunde 5 na zaidi, likayafunika maneno yaliyofuata. Bwana Wallace Sabine akapewa kazi ya kuutengeneza. Alianza kwa kuazima. Usiku, mji ulipotulia, yeye na wasaidizi wake walichukua matakia ya viti vya Sanders Theatre, wakayapanga ukumbini, wakaliza bomba la kinanda na kupima kwa saa muda wa mvumo, asubuhi yakarudishwa. Matakia yote yalipokuwamo, mvumo ulipungua hata kufikia kama sekunde 1.

Tena aliona kwamba dirisha wazi humeza sauti yote ilifikayo; akalifanya kipimo cha vitu vingine.

Basi sisi tusikilizao redio katika vyumba vya kuta tupu twaweza kumfuata. Blanketi lililokunjwa au godoro la sufi, kwa kuwa ni nene na hupitisha hewa, humeza sauti nyingi. Pazia jembamba hupunguza sauti nyembamba tu, na ile nzito hubaki. Kabla ya kununua, tuazime, tusikilize, ndipo tuchague.