Sheria ya Wafanyabiashara: Nani Aliketi Barazani?



Wengi wetu tunaoishi hapa Sutton Coldfield na pande nyingine za Birmingham tumewahi kutuma kontena nyumbani, Mombasa au Dar es Salaam: gari kuukuu, majokofu, magodoro, baiskeli za watoto wa ndugu. Tukishalipa tunapewa hati ya shehena, tunatazama kama jina la mpokeaji limeandikwa sawasawa, kisha tunaitia kwenye bahasha. Upande wa nyuma wa hati ile, penye maandishi madogo kama sisimizi, hatuusomi. Leo tunaomba tuusome pamoja, walau kifungu kimoja.

Mara nyingi hapo pameandikwa kwamba hasara ya pamoja itagawanywa kwa Kanuni za York na Antwerp. Maana yake ni hii. Nahodha akilazimika kutupa shehena baharini, au kuingia gharama ya kuokoa meli, basi wenye mali wote waliomo humo watachangia, hata yule ambaye mzigo wake haukuguswa na tone la maji. Meli ya Ever Given ilipokwama katika mfereji wa Suez mwezi Machi 2021 ikiwa na makontena zaidi ya 18,000, mwenye meli alitangaza hasara ya pamoja. Watu waliokuwa wakingoja bidhaa zao huku Uingereza wakaambiwa watoe dhamana kwanza, ndipo wapewe mali yao.

Kanuni hizo hazikupitishwa na bunge lolote. Zilitokana na mikutano ya wenye meli, wafanyabiashara na watu wa bima, York mwaka 1864 na Antwerp mwaka 1877, na zimerekebishwa mara kadhaa hadi toleo la mwaka 2016. Zinatufunga kwa sababu moja tu, kwamba tumezikubali kwenye hati. Sheria ya namna hii wanasheria huiita kwa Kilatini lex mercatoria, yaani sheria ya wafanyabiashara. Husifiwa sana kwamba haina nchi wala mfalme. Sisi tunataka kuuliza jambo jingine: ilipokuwa ikiamuliwa, nani aliketi barazani?

Vitabu vingi huanza hadithi hii katika masoko na maonyesho ya Ulaya ya zamani, na si vibaya nasi tukaanzia hapa tulipo. Sutton ilipata kibali cha soko mwaka 1300, na mwaka 1528 Askofu John Vesey, mzaliwa wa hapa hapa, aliuombea mji hati ya Mfalme Henry VIII. (Askofu huyo alijaribu pia kuanzisha ufumaji wa kitambaa cha sufu mjini, lakini haukushika.) Katika Uingereza ya wakati ule, kibali cha kufanya maonyesho ya biashara kilikuja pamoja na haki ya kuwa na mahakama ya hapo hapo uwanjani. Mahakama hizo ziliitwa kwa Kifaransa cha zamani mahakama za miguu yenye vumbi, kwa sababu wadai na wadaiwa walikuwa wasafiri ambao hawakupata hata muda wa kupangusa miguu. Kesi iliamuliwa upesi, na waamuzi walikuwa wafanyabiashara wenyewe. Kule bandari ya Ipswich madai ya mabaharia wapita njia yalisikilizwa kati ya maji na maji, ili meli isikose kuondoka. Mahakama ya namna hiyo ya Bristol ilidumu kwa jina hadi ilipofutwa kwa sheria ya mwaka 1971.

Lakini lililotushika zaidi ni la mwaka 1303. Mfalme Edward I aliwapa wafanyabiashara wa kigeni hati yao, na ndani yake akasema kwamba mgeni akishtakiana na mwenyeji, nusu ya baraza la kuamua watoke katika wageni, wakipatikana. Nusu kwa nusu! Miaka zaidi ya 700 iliyopita, katika nchi ambayo wengi wetu tumekaa mbele ya meza za ofisi tukiwa wageni peke yetu chumbani.

Tahadhari moja hapa. Mwanahistoria wa sheria Emily Kadens aliandika mwaka 2012 kwamba hadithi ya sheria moja ya wafanyabiashara iliyotawala Ulaya nzima ni ngano tu, kwa kuwa desturi zilitofautiana mji kwa mji. Tunakubaliana naye. Na kama desturi zilikuwa za kila bandari, basi hakuna sababu ya kuziacha bandari zetu nje ya hadithi.

Mwaka 1331 Ibn Battuta alifika Mogadishu. Anaeleza kwamba meli ikitia nanga, vijana wa mjini huiendea kwa mashua, kila mmoja amebeba sahani ya chakula iliyofunikwa, akampa mmoja wa wafanyabiashara waliomo akisema huyu ni mgeni wangu. Mfanyabiashara hashuki ila kwenda nyumbani kwa mwenyeji wake, isipokuwa yule aliyezoea mji na kujuana na watu, huyo hukaa apendapo. Tangu hapo mwenyeji ndiye humuuzia mali yake na kumnunulia anachotaka. Na sasa sikilizeni sheria yenyewe: anayenunua kwa mgeni huyo kwa bei ya kumpunja, au anayemuuzia bila mwenyeji wake kuwapo, biashara hiyo kwao ni batili.

Tuligeuze jambo hili tulitazame vizuri. Mgeni hajui lugha, hajui bei, hana ndugu wa kumtetea. Mwenyeji anajua vyote, na anapata faida yake, maana mgeni njoo mwenyeji apone si maneno matupu. Lakini anabeba jukumu pia. Mgeni akidhulumiwa ni jina lake mwenyeji linaloharibika, na msimu ujao sahani yake ya chakula haitapokelewa melini. Hapakuhitajika polisi wala wakili, kwa sababu mlinzi wa mkataba alikuwa mtu mwenye uso na nyumba. Tena sheria ile ilijua mipaka yake: Ibn Battuta hakuwa mfanyabiashara bali mwanachuoni, hivyo yeye alipelekwa kwa kadhi na si kwa vijana wa mashua.

Lugha yetu yenyewe imejaa masalia ya sheria hizo. Dalali, wakala, amana, rahani, dhamana, arbuni, hawala: kila neno hapo ni kanuni nzima iliyofungwa katika neno moja. Atoaye arbuni akivunja ahadi anajua atakachopoteza, bila kuandikiwa. Hata bepari, ambaye miaka ya Ujamaa tulimchora na tumbo kubwa na sigara, alikuja pwani kutoka Kigujarati akiwa na maana ya mfanyabiashara tu.

Karne ya 19 biashara hiyo ilikuwa na makao Unguja. Wahindi waliwakopesha Waarabu na Waswahili nguo, shanga na waya, misafara ikaenda bara, deni likalipwa kwa frasila za pembe baada ya miaka miwili au mitatu, pengine zaidi. Mkopo wa namna hiyo ulisimama juu ya nini? Juu ya karatasi. Fahad Ahmad Bishara, katika kitabu chake cha mwaka 2017 kuhusu madeni ya bahari hii, ameonyesha jinsi nyaraka za ikrari zilivyofanya kazi: mdaiwa anakiri mbele ya mwandishi na mashahidi kwamba anadaiwa kiasi fulani, mpaka muda fulani. Mwenye shamba aliyehitaji fedha alifanya bei ya hiyari, yaani anamuuzia mkopeshaji shamba lake la mikarafuu huku akibaki na haki ya kulikomboa, naye anaendelea kulikaa kwa kulipa kodi. Riba imekatazwa, kwa hiyo njia ikatafutwa, na wafanyabiashara, waandishi na makadhi waliijua njia hiyo pamoja. Mali bila daftari huisha bila habari, na watu hao walikuwa na daftari.

Tusizisifu nyaraka hizo kupita kiasi, lakini. Katika daftari hizo hizo binadamu waliandikwa kama mali, na waliobeba pembe mabegani hadi pwani hawakuulizwa neno barazani. Sheria ya wafanyabiashara, kokote, imekuwa sheria ya wafanyabiashara.

Na baraza lenyewe lilikuwa likihama. Kwa mkataba wa mwaka 1839 na Amri ya mwaka 1866, konseli wa Kiingereza Unguja akawa hakimu wa raia wa Kiingereza, na Wahindi wengi wakahesabiwa humo, na rufaa zao zikaenda Bombay. Matokeo yake yalionekana wazi katika kesi ya Stanley na Tippu Tip.

Mwezi Februari 1887 Henry Morton Stanley na Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, waliandikiana mkataba katika ubalozi mdogo wa Kiingereza hapo Unguja. Stanley alikuwa akienda kumwokoa Emin Pasha. Tippu Tip angempa wapagazi 600 kutoka Maporomoko ya Stanley, kwa pauni 6 kila mmoja. Wapagazi walichelewa sana, na mwezi Juni 1888 walikuja kama 400 tu. Stanley akasema mkataba umevunjwa. Tippu Tip akashikilia kwamba baruti aliyoahidiwa hakuletewa, na bila baruti watu wake wasingeweza kwenda. Mahali pengine popote pwani huu ungekuwa mgogoro wa kawaida kabisa: nani alitangulia kuvunja sharti? Wangeitwa wazee wa biashara wanaojua safari za bara, wakahesabu siku, watu na mapipa ya baruti, wakagawanya hasara.

Stanley alipofika pwani mwisho wa mwaka 1889 hakwenda kwa wazee. Alikwenda mahakama ya konseli. Tippu Tip alikuwa bado bara, tena alikuwa mtu wa Sultani, mahakama hiyo haikuwa na mkono mrefu wa kumfikia. Lakini fedha zake, zaidi ya pauni 10,000, zilikuwa mikononi mwa wakala wake Mhindi wa nyumba ya Tharia Topan, na Mhindi alikuwa chini ya konseli. Fedha zikazuiliwa. Tippu Tip, akiwa mgonjwa njiani, akalazimika kushuka pwani kujibu, akafika Unguja mwaka 1891. Mwishowe kesi iliachwa bila kuamuliwa.

Hatumwoni Tippu Tip kuwa mnyonge. Waliochomewa vijiji kule Manyema wangetushangaa. Tunaloonyesha ni jinsi kilichokuwa nguvu ya mfumo wa zamani kilivyogeuzwa. Wakala wa Kihindi, aliyekuwa kiungo cha kuaminiana kati ya pwani na bara, sasa ndiye mlango ambao mahakama ya kigeni ilipitia kuifikia mali ya mtu. Barazani hapakuwa tena na nusu kwa nusu.

Tuvuke bahari kidogo hadi Ghuba, wanakoishi ndugu zetu wengi wenye asili ya Zanzibar. Mwaka 1951 msuluhishi kutoka Uingereza, Lord Asquith, aliamua mgogoro wa Sheikh wa Abu Dhabi na kampuni ya mafuta kuhusu mkataba wa mwaka 1939. Swali la kwanza lilikuwa itumike sheria gani. Asquith alisema kwa kawaida ingekuwa sheria ya Abu Dhabi, ila haiwezekani kudhani kwamba huko kuna kanuni thabiti za kutumika katika mikataba ya biashara ya kisasa. Akachagua kanuni za busara ya jumla, ambazo kwa bahati zilifanana sana na sheria ya Kiingereza. Katika suala la chini ya bahari nje ya maji ya nchi Sheikh alishinda. Lakini pwani ambayo wapiga mbizi wa lulu, manahodha na wakopeshaji wake walikuwa wameandikiana mikataba kwa vizazi ilielezwa kuwa haina sheria ya biashara. Sheria iliyodai kuwa ya dunia nzima iliingia kwa mlango huo.

Siku hizi mlango umepanuka kiasi. Sheria ya Usuluhishi ya Uingereza ya mwaka 1996, iliyorekebishwa mwaka 2025, inawaruhusu wenye mkataba kumwambia msuluhishi aamue kwa misingi waliyokubaliana wao, hata kama si sheria ya nchi yoyote. Ya Kenya ya mwaka 1995 inamtaka azingatie desturi za biashara husika, na Nairobi ina kituo chake cha usuluhishi wa kimataifa kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2013. Tanzania imeshika njia yake: sheria ya mwaka 2017 ilikataza migogoro ya mali asili kupelekwa nje, na sheria mpya ya usuluhishi ikafuata mwaka 2020.

Pia kuna Mombasa. Mnada wa chai ulioanza Nairobi mwaka 1956 ulihamia huko mwaka 1969, na huendeshwa na chama cha wanabiashara wenyewe, wakulima, madalali, wanunuzi na wenye maghala, chini ya kanuni walizojitungia. Chai ya Kenya, Uganda, Rwanda na kwingineko hupita hapo kwa dola, kisha nyingine huja kuuzwa huku kwenye maduka ya Sutton ikiwa ndani ya pakiti zenye picha ya Uingereza.

Kwa wale mnaotuma makontena: kifungu cha kusema mgogoro utaamuliwa wapi kwa kawaida kiko upande ule ule wa nyuma, karibu na Kanuni za York na Antwerp. Kinasomwa kabla ya kutia saini. Kwa bidhaa nyingi za thamani ndogo, nauli na wakili wa London peke yake vitazidi bei ya mzigo, na anayejua hivyo zaidi ni yule aliyekiandika.