Jina lako juu ya picha yako: jinsi ya kuweka alama ya maji kwa simu

Inua noti ya shilingi 10,000 kuelekea jua. Pale panapoonekana peupe patajitokeza sura ya Mwalimu Nyerere iliyofichwa ndani ya karatasi. Hiyo ndiyo alama ya maji. Watengeneza karatasi wa Italia walikuwa wanaitumia tangu karne ya 13, ili karatasi ya mmoja isichanganywe na ya mwingine. Picha za simu zimerithi jina hilo, ingawa mitaani utasikia zaidi "wotamaki". Kwenye picha, alama ya maji ni jina au nembo iliyofifishwa, inayoandikwa juu ya picha kabla ya kuisambaza.

Wengi hudhani ni mambo ya wapiga picha za harusi tu. Lakini tazama biashara inavyofanyika siku hizi hapa Simiyu. Mtu wa Meatu ana maksai wawili wa kulimia, anawapiga picha na kuirusha kwenye kundi la WhatsApp. Wa Maswa anauza kiwanja, wa Lamadi anauza mtumbwi. Tapeli aliye mbali anaichukua picha ile ile, anaandika bei ya chini kidogo, anaweka namba yake, kisha anamwambia mnunuzi: "Wateja ni wengi, tuma hela kidogo nikuzuilie." Mnunuzi anatuma, na ng'ombe hafiki. Ubaya ni kwamba ng'ombe walio kwenye picha ni wako, zizi ni lako, pengine hata mwanao amesimama pembeni. Watu wakianza kutafuta, wanakuja kwako.

Zamani studio ilibaki na negativu. Ukitaka nakala nyingine ya picha ya kipaimara, ulirudi kwa aliyekupiga. Leo nakala ya kwanza na ya elfu zinafanana, na anayeipokea hawezi kujua ilianzia kwa nani. Alama ya maji inarudisha sehemu ya ulinzi ule.

Namna ya kufanya

Kuna programu nyingi. Kwenye kompyuta wapo wanaotumia Photoshop, au GIMP ambayo ni ya bure. Kwa simu, tuchukue Snapseed: ni ya bure, na ukishaipakua unaweza kuhariri picha hata kama huna bando. Maneno yake ni ya Kiingereza, kwa hiyo tunayataja kama utakavyoyaona kwenye simu za Android.

Fungua picha, gusa "Tools", kisha tafuta "Text". Maneno ya mfano yatatokea katikati ya picha. Yaguse mara mbili, yafute, uandike yako. Chini utaona alama ya tone la maji. Iguse, kisha sogeza mstari kwa kidole mpaka maandishi yafifie kiasi cha kuona kilicho nyuma yake, lakini bado yasomeke. Vuta maandishi kwa kidole kuyapeleka unapotaka, gusa alama ya vema, halafu "Export" na "Save". Picha yenye jina itahifadhiwa kama nakala, na ile ya asili itabaki ilivyokuwa.

Baadhi ya simu zina njia ya mkato: kwenye mipangilio ya kamera kuna sehemu ya kuweka alama kwenye kila picha. Mara nyingi inakuja ikiwa na jina la simu tu, na hilo linatangaza aliyetengeneza simu, halikusaidii wewe. Angalia kama yako inaruhusu kulibadilisha uweke jina lako.

Uandike nini? Jina la biashara na mahali vinatosha, na kwa mauzo ongeza mwezi na mwaka. Picha ya maksai iliyoandikwa mwezi wa Februari ikitangazwa mwezi wa Septemba, mnunuzi mwenye macho atauliza.

Mahali pa kuweka alama

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Wanaandika jina dogo zuri kwenye kona ya chini, na tapeli anaikata kona kwa sekunde mbili. Fikiria chapa ya ng'ombe: hupigwa kwenye mwili wake, haipigwi kwenye ncha ya mkia. Kwenye picha nayo, jina lipite juu ya kitu chenyewe kinachouzwa, yaani ubavu wa ng'ombe, ukuta wa nyumba, au nguo ya bibi harusi. Usifunike uso wala kasoro ambayo mnunuzi ana haki ya kuiona.

Usipende pia kuweka alama ile ile, ukubwa ule ule, mahali pale pale kwenye kila picha. Mwaka 2017 watafiti wa Google walionyesha kwamba kompyuta ikipewa picha nyingi zenye alama moja, inaweza kujifunza umbo la alama hiyo na kuifuta kwenye zote. Walichopendekeza ni kuipindisha alama kidogo, tofauti kwa kila picha. Kwa simu, hiyo ni kazi ya kidole tu: leo ilale, kesho iinamie kushoto. Tusidanganyane lakini, programu za akili bandia za sasa zinaweza kufuta hata alama moja iliyowekwa vizuri. Alama inampunguza tapeli mvivu, na wengi wao ni wavivu.

Kwa hiyo tunza picha ya asili. Ndani yake simu huandika tarehe, saa na aina ya simu. WhatsApp huyaondoa maelezo hayo picha ikitumwa kwa njia ya kawaida, na hupunguza ubora wake. Ukihitaji kumtumia mtu picha kamili, chagua "Document" badala ya picha. Wapiga picha wa sherehe wanaweza kunufaika hapa: mteja anatumiwa kwanza picha ndogo zenye alama ili achague, na zile safi anapewa akishamaliza malipo. Makubaliano hayo yafanyike kabla ya siku ya sherehe, si baada ya muziki kuzimwa.

Sheria inasemaje

Chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, kazi yako inalindwa tangu ulipoitengeneza, na picha ni miongoni mwa kazi hizo. Alama ya maji si sharti la kupata ulinzi huo. Kazi inaweza pia kusajiliwa COSOTA, na usajili husaidia kwenye ushahidi panapokuwa na ubishi. Lakini jina lako juu ya picha halikupi ruhusa ya kufanya lolote na sura ya mtu mwingine. Ukimpiga mama sokoni Bariadi na unataka kumweka kwenye tangazo, muombe kwanza. Tangu mwaka 2022 nchi ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Kama picha yako imeshaibwa

Piga picha ya kioo cha simu ikionyesha tangazo la uongo, jina la akaunti na namba iliyotumika, kabla halijafutwa. Rusha onyo kwenye makundi yale yale ukiambatanisha picha ya asili. Toa taarifa polisi ukiwa na simu yenye picha hiyo. Ukitumiwa ujumbe wa kitapeli, utume pamoja na namba iliyoutuma kwenda 15040. Na ukiwa wewe ndiye mnunuzi, mwombe muuzaji akupigie simu ya video akiwa zizini, kabla hujatuma hata shilingi.