Kiti cha Enzi na Mamlaka ya Unguja

Neno enzi asili yake ni Kiarabu, na maana yake ni nguvu na utukufu. Kwa hiyo kiti cha enzi, katika miji ya pwani, hakikuwa kiti cha kupumzikia. Mgongo wake umesimama wima, mikono yake imenyooka, na mbele yake pana kibao cha kuwekea miguu. Aketiye humo hawezi kujilegeza hata akitaka. Kilichongwa kwa mti mweusi kama mpingo, kikatiwa njumu za pembe au mfupa, na kikalio chake kikasukwa kwa nyuzi. Wenyeji wa nyumba waliketi mkekani au barazani. Kiti aliwekewa mgeni mtukufu, na siku ya harusi bwana harusi.

Wataalamu hawajapatana juu ya asili ya umbo hili: wengine hutaja Misri ya Mamaluki, wengine Wareno, wengine Uhindi. Pengine mabishano hayo yamepewa uzito kuliko yanavyostahili. Mnazi nao ulikuja kwa njia ya bahari, na hakuna auitaye mgeni leo.

Hata hivyo, katika Unguja kiti peke yake hakikumfanya mtu kuwa mtawala. Mwinyi Mkuu, mkuu wa wenyeji wa kisiwa, alitambulikana kwa siwa na ngoma zake, zilizochongwa kwa ustadi mkubwa. Kiti kilionwa na aliyekaribishwa ndani tu, lakini sauti ya siwa ilimfikia hata aliyekuwa shambani. Tena mwenye fedha aliweza kujipatia kiti, naye akawa mfanya biashara tu.

Seyyid Said alipohamia Unguja hakumwondoa Mwinyi Mkuu. Alimwacha awatawale watu wake na kukusanya kodi, nguvu yenyewe ikiwa mikononi mwa Sultani. Muhammad bin Ahmed alijenga jumba lake Dunga, katikati ya kisiwa, mbali na bandari, akafa mwaka 1865. Mwanawe Ahmed alipofariki mwaka 1873, cheo kilikoma. Siwa na ngoma zikaja kuwekwa katika jumba la makumbusho la Beit al-Amani, lililofunguliwa mwaka 1925.

Masultani nao walipenda zaidi viti vya kutoka Ulaya. Jamshid alikimbia Januari 1964, na mwaka 1994 jumba lao la Forodhani likafanywa makumbusho. Fanicha yao ikawa ya kutazamwa na wageni, wala si ya kuketiwa.