Kula ili upungue: kutoka kwa Rumanyika hadi kambi za wakimbiaji

Mwishoni mwa 1861, Mwingereza John Hanning Speke alifika Karagwe akitafuta chanzo cha Mto Nile, na Mfalme Rumanyika akampokea vizuri. Kilichomshangaza mgeni ni wake wa wakubwa: walinenepeshwa kwa maziwa mpaka kusimama kukawa shida. Akaomba kumpima shemeji mmoja wa mfalme. Mkono wake wa juu ulikuwa na mzunguko wa sentimita 58 hivi. Pembeni, binti yake wa miaka 16 alikuwa anakunywa maziwa huku baba yake ameshika fimbo asije akaacha.

Fimbo! Yaani hata kunenepa kulihitaji msimamizi. Kisayansi hesabu yao ilikuwa rahisi: chakula kingi kinaingia, mwili hautembei.

Leo, hapahapa Karagwe na Kyerwa, kijana anayetaka kuwa mwepesi kwa ajili ya mbio au mpira anaigeuza tu hesabu hiyo. Anakimbia alfajiri, anakunywa chai kavu, anasubiri mpaka usiku ndipo ale. Inaonekana sawa, si ndiyo? Ngoja kwanza.

Novemba 1944 huko Minnesota, Marekani, Ancel Keys alianza jaribio na vijana 36 waliojitolea. Vita vilikuwa vinaelekea ukingoni, na alitaka kujua jinsi ya kuwarudishia afya watu waliokumbwa na njaa. Kwa wiki 24 za mwaka 1945 vijana wale walipewa kilokalori 1,570 hivi kwa siku, na walitakiwa kutembea kilomita 35 kila wiki. Walipoteza karibu robo ya uzito wao. Ila mwili nao ulijibu: nishati unayotumia ukiwa umetulia tu ilishuka kwa takribani asilimia 40. Sehemu ya kushuka huko ni kwa sababu walikuwa wamebaki wadogo, na sehemu ni mwili kubana matumizi. Mapigo ya moyo yakapungua, nguvu zikaisha, mazungumzo yote yakawa ya chakula. Uzito ulishuka, ndiyo, lakini mtu wa namna hiyo humpeleki uwanjani.

Je, mwili unaanza kubana wapi? Mwaka 2003 Anne Loucks na Jean Thuma walichapisha jibu zuri. Waliwapunguzia chakula wasichana wenye afya kwa siku tano tu, wakapima homoni inayoongoza hedhi. Baada ya kutoa nishati ya mazoezi, kilichobaki kikiwa chini ya kilokalori 30 hivi kwa kila kilo ya mwili isiyo mafuta, homoni hiyo ilivurugika. Siku tano!

Tupige hesabu. Binti mwenye kilo 55, ambazo 11 ni mafuta, ana kilo 44 zisizo mafuta. 44 mara 30 ni 1,320. Akikimbia kilomita 10 anatumia kama 550 nyingine. Maana yake siku hiyo anahitaji angalau 1,870, na hapo ni ukingoni kabisa, si lengo. Chai kavu na mlo mmoja wa usiku havimfikishi.

Sasa waangalie majirani zetu. Mwaka 2004 Vincent Onywera na wenzake walichapisha utafiti wa wakimbiaji 10 wa kiwango cha juu nchini Kenya, ambao chakula chao kilipimwa kwa siku saba. Walikula wastani wa kilokalori 2,987 kwa siku, na matumizi yao yalikadiriwa kuwa 3,605. Kwa hiyo walikuwa na pengo, lakini dogo, na uzito ulishuka kidogo tu. Zaidi ya robo tatu ya nishati yao ilitoka kwenye wanga: ugali, na sukari ya kwenye chai ya maziwa. Halafu walikula mapema baada ya mazoezi. Hapo, kwangu mimi, ndipo penye siri.

Kwetu sahani hiyo ni ndizi na maharage, tena asubuhi, mara tu umetoka kukimbia. Ukitaka kupunguza, punguza kidogo usiku wa siku ya mapumziko. Na dada, kama hedhi imekosekana miezi mitatu, nenda kituo cha afya hata kama una uhakika huna mimba. Kocha akikwambia ni dalili kwamba mazoezi yamekolea, usimkubalie: mifupa nayo inadhoofika, na mfupa wa mguu ukishapata ufa, msimu mzima umekwenda.