Mimea ya sehemu chepechepe za ua

Mimea ya sehemu chepechepe za ua ni mimea inayoweza kuishi karibu na nyumba mahali ambapo udongo hukaa na maji kwa muda mrefu. Mjini Moshi na kwenye miteremko ya Kilimanjaro (Tanzania) sehemu za namna hiyo huonekana hasa wakati wa masika, yaani Machi hadi Mei, lakini baadhi hubaki na maji mwaka mzima.

Chanzo cha maji

Kwanza inafaa kujua maji yanatoka wapi. Yakivuja kutoka bombani au kwenye mfongo (mfereji wa jadi wa Wachagga unaoleta maji kihambani), dawa ni kuziba, si kupanda. Kama tatizo ni udongo wa mfinyanzi, shimo la nusu mita hutosha kulipima: hujazwa maji jioni, na yakiwa bado yamo kesho yake, mizizi ya miti mingi itakosa hewa hapo.

Mimea isiyofaa

Kosa la kawaida ni kupanda mparachichi. Kwenye udongo wenye maji mizizi yake hushambuliwa na Phytophthora cinnamomi, kiumbe kinachofanana na kuvu, na mti hunyauka kana kwamba umekosa maji. Wengi basi huumwagilia zaidi, na hivyo kuumaliza. Mbuni nao hauvumilii maji yaliyotuama. Mgomba hupenda unyevu, lakini mahali pa namna hii hupandwa juu ya tuta.

Mimea inayofaa

Magimbi (Colocasia esculenta) ndiyo chaguo la kwanza, kwa sababu mashina ya majani yake hupitisha hewa hadi mizizini. Viazi vyake vipikwe vizuri, maana vikiwa vibichi huwasha kooni. Miwa pia hustahimili unyevu, na penye nafasi kubwa hupandwa msesewe (Rauvolfia caffra), mti wa kandokando ya mito ambao magome yake hutia uchungu katika pombe ya mbege. Mti mwingine ni msoo (Oxystigma msoo), mti adimu unaopatikana katika Msitu wa Rau kando ya mji wa Moshi. Msitu huo wenyewe hutegemea maji ya chini ya ardhi. Miti hii miwili hurefuka sana, kwa hiyo iwe mbali na nyumba.

Mikaratusi hupandwa na watu wengi ili kukausha ardhi, na kweli hunywa maji mengi. Lakini unyevu wa kudumu unaweza kuwa chemchemi inayotegemewa na majirani walio chini mlimani. Kando ya mito, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza ndani ya mita 60 shughuli zinazoweza kudhuru hifadhi yake.

Hakuna mmea kati ya hii unaozuia mbu: dimbwi lililo wazi, hata katikati ya magimbi, huweza kuzalisha mbu wa malaria, hivyo hufukiwa au kutolewa maji kwa mtaro.