Kura 8,858 za Illinois



Jina la John Fitzgerald Kennedy, Mkatoliki wa kwanza kuchaguliwa kuwa Rais wa Marekani, hutajwa mara nyingi miongoni mwetu, na hutajwa kwa fahari. Juma hili tumeona vema tuitazame fahari hiyo kwa karibu zaidi, kwa kupitia jimbo moja tu kati ya majimbo 50 yaliyopiga kura siku ya Jumanne, tarehe 8 Novemba 1960. Jimbo hilo ni Illinois. (Tusemapo jimbo, msomaji asidhani ni jimbo la Askofu, tunasema jimbo la kiserikali, lenye gavana na bunge lake.)

Kwanza tukumbuke mzigo aliokuwa nao Mkatoliki katika nchi ile. Mwaka 1928 Al Smith, gavana wa New York, alikuwa Mkatoliki wa kwanza kusimamishwa na chama kikubwa kuwania urais. Alishindwa vibaya na Herbert Hoover, na Illinois nayo ilimkataa. Wapo waliohubiri waziwazi kwamba Mkatoliki akiingia Ikulu, Baba Mtakatifu ndiye atakayetawala. Maneno hayo yalirudi mwaka 1960, hata Kennedy akalazimika kwenda Houston, tarehe 12 Septemba, kusimama mbele ya wachungaji wa Kiprotestanti na kuwaeleza kwamba yeye si mgombea wa Wakatoliki, bali ni mgombea wa chama cha Democratic ambaye ni Mkatoliki. Majuma mawili baadaye, tarehe 26 Septemba, alikabiliana na mpinzani wake, Makamu wa Rais Richard Nixon, katika mdahalo wa kwanza wa televisheni wa wagombea hao. Mdahalo huo ulifanyika katika studio mjini Chicago, yaani ndani ya Illinois yenyewe.

Jimbo hilo lilikuwa kama nyumba moja yenye familia mbili. Kaskazini, kando ya Ziwa Michigan, ulikuwapo mji wa Chicago, wenye viwanda na machinjio, na parokia zilizojengwa na wahamiaji wa Kiayalandi, Kipolandi, Kiitaliano na Kilithuania. Huko pia waliishi Wamarekani weusi kwa maelfu, waliokimbia dhuluma za kusini. Nje ya mji na vitongoji vyake yalitanda mashamba ya mahindi na miji midogo, ambako wengi walikuwa Waprotestanti, nao walikipenda chama cha Republican, chama cha Abraham Lincoln. Mwaka 1952 na 1956 jimbo zima lilimchagua Dwight Eisenhower wa chama hicho.

Kura zilipohesabiwa, Kennedy aliushinda mji wa Chicago kwa tofauti ya zaidi ya kura 450,000. Nixon alishinda katika kaunti zaidi ya 90 kati ya 102 za jimbo lote. Kura zote zilipojumlishwa, Kennedy alikuwa na 2,377,846 na Nixon 2,368,988. Tofauti ni kura 8,858, chini ya mbili kwa kila elfu. Kwa tofauti hiyo ndogo Kennedy alipata kura zote 27 za wajumbe wa jimbo hilo.

Wengi hudhani ushindi ule uliletwa na Wakatoliki peke yao. Ni kweli kwamba nchini kote Wakatoliki wapatao 78 katika kila 100 walimpigia Kennedy. Lakini kura za Wamarekani weusi wa Chicago zilizidi kwa mbali ile tofauti ya 8,858. Mwezi Oktoba Martin Luther King alifungwa gerezani huko Georgia. Kennedy alimpigia simu mke wake, Coretta, kumfariji, na ndugu yake Robert akampigia simu hakimu, King akaachiwa. Baba yake King, mchungaji wa Kibaptisti, alikuwa amekusudia kumpigia Nixon kwa sababu Kennedy ni Mkatoliki. Baada ya simu ile alitangaza kwamba amebadili nia. Vijitabu vya habari hiyo viligawiwa kwenye makanisa ya watu weusi Dominika ya mwisho kabla ya uchaguzi, Chicago ikiwemo. Mwaka huohuo mfuko wa familia ya Kennedy ulitoa dola 100,000 kwa ajili ya safari za ndege za wanafunzi wa Afrika Mashariki, baada ya Tom Mboya kwenda kumwomba. Jambo hilo nalo liliingia katika mabishano ya kampeni.

Hapa ndipo penye uchungu. Mji wa Chicago ulikuwa mikononi mwa Meya Richard J. Daley, mzao wa wahamiaji wa Kiayalandi, aliyehudhuria Misa kila siku. Wakuu wa mitaa wa chama chake walijulikana kwa mbinu zao za kukusanya kura, na si mbinu zote zilikuwa halali. Warepublican walidai kwamba wafu walipigiwa kura na hesabu ziligeuzwa. Daley alijibu kwamba wizi ulikuwa huko mashambani, upande wa wapinzani wake.

Ukweli uliothibitishwa ni huu. Kura za sehemu ya vituo zilihesabiwa upya, na Nixon akaongezeka kura 943 tu. Tena katika vituo 40 kwa kila 100 vilivyokaguliwa ilionekana Nixon alikuwa ameongezewa kura zisizo zake. Bodi ya uchaguzi ya jimbo, yenye Warepublican wengi, ilimthibitisha Kennedy mwezi Desemba. Hata hivyo uovu ulikuwapo: mwaka 1962 wasimamizi watatu wa kura wa Chicago walikiri makosa yao na kufungwa kwa muda mfupi. Mwanahistoria Edmund Kallina, aliyechunguza suala hilo kwa undani, aliona kwamba udanganyifu ulimwumiza zaidi Benjamin Adamowski, mwendesha mashtaka wa kaunti aliyekuwa akimwandama Daley, naye akashindwa kwa kura zipatazo 25,000. Kwa maoni yetu, hilo ndilo linalofahamisha: huenda wenye mji walimwogopa mwendesha mashtaka kuliko walivyomtamani Rais.

Wala Illinois peke yake isingembadilisha Rais. Kennedy alipata kura za wajumbe 303. Ukitoa 27 zinabaki 276, na zilizohitajika ni 269. Lakini sisi hatuwezi kuitumia hesabu hiyo kama sabuni. Mtu aliyepokea Ekaristi asubuhi, kisha akaongoza mashine ya kisiasa iliyochezea masanduku ya kura, hasafishwi kwa kuambiwa kwamba kura alizochezea hazikutosha.

Nixon hakudai mwenyewe kura zihesabiwe upya, ingawa watu wa chama chake walidai. Tarehe 6 Januari 1961, akiwa Makamu wa Rais na mwenyekiti wa kikao cha Bunge, alisimama akatangaza kwa kinywa chake mwenyewe kwamba John F. Kennedy ameshinda, kisha akampongeza.