Skani ya CT: eksirei ilipokutana na tarakilishi

Watu wengi hudhani skani ya CT ni eksirei ile ile, ila imeongezwa bei. La hasha! Eksirei ya kawaida ni picha. CT ni jibu la hesabu. Kwa sisi tunaoandika programu hapo ndipo penye utamu, kwa hivyo leo nimeonelea tuangalie historia yake.

Tuanze Ujerumani. Tarehe 8 Novemba 1895, mjini Würzburg, Wilhelm Röntgen aligundua miale isiyoonekana ambayo hupenya vitu vingi. Kabla ya mwaka kwisha alikuwa amepiga picha ya mkono wa mkewe, mifupa na pete vikaonekana wazi. Mwaka 1896 madaktari walikuwa tayari wanaitumia kutafuta risasi na mifupa iliyovunjika.

Tatizo ni kwamba picha ya eksirei ni kivuli. Kila kilicho njiani hulaliana juu ya kingine. Mfupa huzuia miale mingi, nyama laini huzuia kidogo. Sasa fikiria ubongo: nyama laini ndani ya sanduku la mfupa. Kwenye filamu unaona sanduku tu.

Madaktari walihangaika. Mwaka 1919 Walter Dandy, daktari wa upasuaji huko Marekani, alieleza njia ya kuingiza hewa kupitia uti wa mgongo, ichukue nafasi ya maji yaliyo ndani ya ubongo. Mgonjwa aliumwa na kichwa vibaya sana na kutapika. Baada ya mateso hayo yote, uvimbe wenyewe kwa kawaida haukuonekana. Daktari alikisia ulipo kwa kutazama nafasi za hewa zilivyosukumwa upande, kisha akafungua fuvu. Njia hii ilitumika hadi miaka ya 1970.

Wakati huo wote, jibu lilikuwa kwenye hesabu. Hebu jaribu mchezo huu. Nimeficha namba nne katika visanduku vinne, viwili juu na viwili chini. Sikuonyeshi namba, nakupa jumla tu. Safu ya juu ni 7, ya chini ni 4. Safu wima ya kushoto ni 3, ya kulia ni 8. Hapo bado kuna majibu zaidi ya moja. Nikikuongezea kwamba mshazari kutoka kushoto juu hadi kulia chini ni 5, basi mchezo umekwisha: juu ni 2 na 5, chini ni 1 na 3.

Mwale wa eksirei hufanya vivyo hivyo. Ukitokea upande wa pili, hukupa jumla ya vyote ulivyopitia. Pima kutoka pembe nyingi, kisha tafuta namba ya kila kisanduku.

Mwanahisabati Johann Radon alithibitisha mwaka 1917 kwamba jambo hili linawezekana. Lakini aliandika kwa ajili ya wanahisabati wenzake, na tarakilishi za kufanya kazi hiyo hazikuwepo. Mwaka 1956 Allan Cormack, mwanafizikia wa Cape Town, alifanya kazi kwa muda katika hospitali ya Groote Schuur, akaanza kulitafakari tatizo hilo hilo bila kujua habari za Radon. Alichapisha majibu yake mwaka 1963 na 1964. Karibu hakuna aliyejali.

Kisha akaja Godfrey Hounsfield, mhandisi wa kampuni ya EMI huko Uingereza. Hakuwa na digrii ya chuo kikuu, lakini alikuwa ameongoza kazi ya kuunda tarakilishi ya EMIDEC 1100. Mwaka 1967 alipata wazo lile lile, naye hakuwa amesoma kazi ya Cormack. Jaribio lake la kwanza lilichukua siku 9 kukusanya vipimo 28,000, na saa mbili na nusu za tarakilishi kuvitatua. Alipima hata ubongo wa ng'ombe kutoka machinjioni.

Tarehe 1 Oktoba 1971, katika hospitali ya Atkinson Morley, London, mgonjwa wa kwanza alipimwa. Alikuwa mwanamke aliyeshukiwa kuwa na uvimbe kwenye ubongo. Picha ilikuwa na visanduku 80 kwa 80 tu, lakini uvimbe ulionekana bila hewa kuingizwa wala fuvu kufunguliwa. Mwaka 1979 Hounsfield na Cormack waligawana Tuzo ya Nobel ya tiba. Hakuna kati yao aliyekuwa na shahada ya udaktari.

Faida hii ina gharama. Skani ya CT ya kifua hukupa mionzi makumi ya mara kuliko eksirei moja ya kifua. Ukiandikiwa, si vibaya kumuuliza daktari inatafuta nini.

Na ukipewa CD ya skani yako, usiitupe. Ndani mna namba, si picha tu: maji ni 0, hewa ni -1000, mfupa huenda mamia kadhaa na zaidi. Kuna programu za bure za kuzisoma. Ila usiipandishe faili hiyo kwenye tovuti yoyote ovyo ovyo, kwa sababu kwa kawaida jina lako limo ndani pamoja na hizo namba.